Safu ya Mlangoni

Korosho ya themanini na mbili ilipasuka katikati ya mkasi, na Zuhra akaitandaza juu ya karatasi nyeupe, nusu huku na nusu huku, kiini kikiwa kimekaa ndani ya ganda kama jino kwenye ufizi. Vidole vyake alikuwa amevipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome.

"Nzima," alisema.

Erasto Namkunda akaweka alama kwenye karatasi yake.

Ya themanini na tatu ilikuwa na alama ya kahawia pembeni. Zuhra aliigeuzia mlango, kwenye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Ina doa. Naihesabu nusu."

Erasto akaandika nusu. Na yeye angeihesabu nusu.

Sajenti Halfani alikuwa ameegemea mwimo wa mlango wa ghala, kofia mkononi. Alipiga mwayo. "Bwana Mchunguzi, tutamaliza lini? Binti anajua kukata korosho. Hata mama yangu anajua kukata korosho. Hatukumkamata kwa kutojua kukata."

"Zimebaki kumi na saba, afande."

"Haya. Kata, dada, kata. Tukitoka hapa utanifundisha na mimi, nikistaafu nipate kazi."

Zuhra hakucheka. Siku nne alikuwa mahabusu Newala, na asubuhi ile, gari la polisi lilipopita katikati ya Mkunya, alikuwa amejifunika kanga hadi machoni ili watu wasimjue. Watu walimjua hata hivyo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika muhogo aliacha kazi yake akasimama kuangalia, na mtoto wa Zuhra, wa miaka miwili, alikuwa mgongoni mwa mwanamke huyo. Erasto aliliona hilo kutoka kiti cha mbele, akaliweka moyoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, Zuhra alipima korosho za ghala hili, magunia mia nne, akasaini kwamba ni daraja la kwanza. Magunia mia mbili na ishirini yalipakiwa kwenda Mtwara. Yalipofunguliwa huko, karibu nusu yalikuwa na ukungu. Mia na themanini yalikuwa bado hapa Mkunya, yamepangwa lundo moja kubwa hadi karibu na bati, na kamba ya polisi imezungushwa. Jumatatu saa tatu asubuhi Zuhra angefikishwa mahakamani. Shtaka lingetegemea taarifa ya Erasto, aliyetumwa na Baraza la Leseni za Wapimaji kujibu swali moja: alipokea hongo, au aliiba mtihani na kazi haijui?

Leo ilikuwa Jumamosi.

Korosho ya mia moja ilipasuka. Erasto alijumlisha. Matokeo ya Zuhra yalitofautiana na yake kwa korosho moja tu, na hiyo moja walibishana, akaona kwamba binti ndiye aliyekuwa sahihi.

"Kazi anaijua," alimwambia Halfani.

"Basi ni hongo. Niliwaambia tangu mwanzo. Ana baiskeli mpya."

"Baiskeli nimeiulizia Masasi. Aliinunua mwezi wa sita. Mwezi wa sita korosho ilikuwa bado ua."

"Aa." Halfani alivaa kofia yake, akaivua tena. "Basi mvua. Karani anasema ni mvua."

Karani wa ghala aliitwa Salmini, mtu mnene kidogo, mcheshi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amewaletea viti na beseni la maji ya kunawa, na kule juu mlimani, ambako maji huchotwa mbali, beseni zima si heshima ndogo. "Mvua iliwakuta njiani, Bwana Mchunguzi," alisema. "Turubai za siku hizi unazijua. Zinavuja kama ahadi."

"Magunia yaliyooza Mtwara yalikuwa ya ndani," Erasto alisema polepole. "Ya juu, yaliyokaa chini ya turubai, yalikuwa makavu. Mvua gani inaruka gunia la juu na kulowesha la katikati?"

"Lori likiegama..."

"Na ukungu ulikuwa wa kijani. Ukungu wa kijani hauoti kwa safari ya siku moja. Unataka majuma."

Salmini alitabasamu, akainua mikono. "Mimi karani tu, baba. Naandika yanayoingia na yanayotoka."

Nyuma ya meza yake, ndani ya fremu ya kioo, kilitundikwa cheti. Erasto alikisogelea. Kilikuwa cheti cha upimaji cha Baraza, cha mwaka juzi, chenye jina la Salmini.

"Kumbe na wewe mpimaji?"

"Nilifanya mtihani, nikafaulu vizuri tu. Lakini ukarani una kivuli." Alicheka peke yake.

Erasto aliandika tarehe ya cheti. Kisha akarudi kwa Zuhra.

"Turudi nyuma kidogo, mwanangu. Kabla ya kukata, ulichoma magunia. Nionyeshe uliyoyachoma."

Zuhra alichukua bambo, kile chuma cha ncha kali chenye mfereji kinachochomwa guniani ili korosho chache zitiririke nje bila kulifungua. Aliliendea lundo akagusa kwa ncha, moja baada ya jingine. Kila gunia lililochomwa lilikuwa na msalaba wa chaki pembeni ya tundu. Kumi. Na yote kumi yalikuwa kwenye safu ya kwanza, ile inayotazama mlango, ambayo haikupakiwa.

Erasto alizunguka lundo. Upande wa kulia, hakuna chaki. Wa kushoto, hakuna. Nyuma kulikuwa na ukuta, na nafasi ya kupita panya. Alipanda kwenye kiti akatazama juu. Hakuna.

"Utachafua shati, Bwana Mchunguzi," Salmini alisema. "Na lundo likiporomoka, mimi nitasema nini? Ya nyuma hayafikiki bila wachukuzi, na wachukuzi wote leo wako Chilangala."

Chilangala. Jana yake Erasto alikuwa huko pamoja na Halfani, kwenye ghala jingine, kwa habari ya mpimaji mwingine, kijana aitwaye Cyril, aliyepitisha mzigo mbovu mwezi uliopita. Na huko aliona misalaba ya chaki. Kumi, mlangoni.

Halfani naye alikumbuka. Alimvuta Erasto pembeni, akashusha sauti ambayo hata hivyo ilisikika ghala zima. "Unaona? Huyu na yule Cyril walifanya mtihani siku moja, Masasi. Hawa ni chama, bwana. Wamekubaliana."

"Inawezekana," Erasto alisema. Hakuwa mtu wa kukata maneno upesi. "Watu wawili wakipotea njia moja, ama wamekubaliana, ama wameelekezwa na mtu mmoja." Akamgeukia Zuhra. "Nani alikuambia uchome safu ya mlangoni?"

Zuhra alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alionekana kushangaa kweli.

"Si ndiyo kazi ya tatu, baba?"

"Kazi ya tatu?"

"Ya mtihani." Alinyoosha mgongo kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "'Mpimaji ataanza na safu iliyo mlangoni, atachagua magunia kumi, na kila gunia atalichoma juu, katikati na chini.' Alama ishirini. Mimi nilipata ishirini kwa ishirini. Msimamizi alinisifu mbele ya wenzangu."

Kalamu ya Erasto ilisimama.

"Kulikuwa na mzee mmoja," Zuhra aliendelea, "Mzee Nikolao, amepima tangu enzi za ushirika. Yeye alitaka kupanda juu ya lundo. Akaambiwa ashuke, anapoteza muda, na alama zote za kazi ya tatu akanyimwa. Hakupata cheti. Tulimcheka. Mimi pia nilimcheka."

Halfani alikuna kichwa. "Mtihani gani huo? Nani aliutunga?"

Swali lilikuwa la kawaida, limeulizwa bila nia yoyote. Erasto alifunga daftari lake, akalifungua, akalifunga tena.

"Baraza," alisema.

Ilikuwa kweli, lakini robo yake tu. Alimwomba Halfani aweke askari mlangoni, asiguse mtu gunia hata moja mpaka arudi. Kisha akapanda pikipiki akateremka mlima kuelekea Masasi bila kunawa mikono, na majivu ya Zuhra yalikuwa bado kwenye kalamu yake.

*

Zamani mtihani wa wapimaji ulikuwa wa kuandika. Mkorosho uliletwa na nani, mwaka gani. Jina lake la kitaalamu ni lipi. Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, kila mmoja akitaka mpimaji mwenye cheti, alitokea kijana aliyepata tisini na sita katika mtihani ule, na wiki ya pili kazini akapitisha gunia lililojaa changarawe. Hapo Erasto, aliyekuwa karani wa Baraza, mtu wa darasa la saba aliyejisomea mwenyewe, alisimama kikaoni akasema kwamba mtihani ufanane na kazi. Tumtafute mpimaji bora, alisema. Tukae naye siku tano. Tuandike anachofanya, si anachosema anafanya. Tuulize kila kazi ikiharibika hasara yake ni kiasi gani, na iliyo na hasara kubwa ipewe alama nyingi. Kisha tumpe mtahiniwa gunia halisi na bambo halisi, tumwambie: fanya.

Walimpigia makofi. Wakamtuma yeye mwenyewe.

Mpimaji bora aliitwa Anastasia, Mama Vitalis. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi kwao Lupaso na mikorosho yake arobaini. Erasto alimkuta uani akichambua mbaazi kwenye ungo. Jua lilikuwa limeshapinda.

"Shikamoo, Mama Vitalis."

"Marahaba. Ni nani?" Alikinga macho kwa mkono. "Baba Mabel! Ewe! Mabel hajambo?"

"Hajambo, mama. Ameanza shule."

Aliletewa kiti cha kukunja, kilichofutwa kwanza kwa upande wa kanga. Aliletewa maji, akamiminiwa mikononi. Alikaa akayaona mambo hayo yote yakifanyika, moja baada ya jingine, kama mtu anayetazama ushahidi ukiwekwa mezani.

Alimweleza habari ya Zuhra, bila kuongeza wala kupunguza. Mama Vitalis alisikiliza, vidole vikiendelea na mbaazi. Erasto alipofika kwenye kazi ya tatu, vidole vilisimama.

"Mlangoni?" alisema. "Nani anapima mlangoni?"

"Wewe ulipima mlangoni, mama. Nilikuona. Nimeandika."

"Lini?"

"Mwaka tisini na tatu. Nilipokuja kukutazama."

Mama Vitalis aliweka ungo chini. Alimtazama kwa huruma ambayo Erasto angependa zaidi iwe hasira.

"Mwanangu, wewe ulikuwa mgeni. Meneja alituambia, kesho anakuja mtu wa Baraza. Tukafagia. Tukapanga magunia mazuri mlangoni. Haikuwa wizi, ilikuwa adabu. Ungekuja hapa kwangu ningekutandikia mkeka uliochanika? Ningekuchinjia jogoo nikupe shingo?"

"Na siku nyingine? Siku ambazo mimi sipo?"

"Siku nyingine!" Alicheka kidogo. "Mlangoni ndipo mwenye mali anapoweka sura yake. Mimi nilikuwa nawaambia wachukuzi, bomoeni. Napanda juu, nafungua tumbo la lundo, naingiza mkono mpaka begani. Kabla ya bambo, mkono. Lundo lenye maji lina joto, kama mtoto mwenye homa. Kisha nanusa. Kisha ndiyo bambo, na ninachoma yale ambayo karani anasema hayafikiki. Hayo hasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikaa kwenye kiti na karatasi yako, una shati jeupe. Nikubomolee lundo, vumbi lote lile likumwagikie?"

"Lakini nilikusomea orodha, mama. Kazi zote kumi na nne. Ukasema, ni sawa."

"Ningesemaje? Ulikuwa umeshakula, unaaga. Mtu anamsahihisha mgeni mlangoni?" Aliuchukua tena ungo, akauacha. "Na mimi nilijua utarudi. Nikasema moyoni, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nitamvua shati huyu, nitampandisha juu ya lundo, ataijua kazi. Nikawaambia hata wachukuzi, wakacheka sana. Siku ya tatu tukangoja. Tukaambiwa umeondoka na gari la jioni."

Erasto alitazama viatu vyake.

Aliikumbuka jioni ile. Hakuitwa na mtu. Hapakuwa na mgonjwa nyumbani. Siku ya pili ilikuwa imefanana na ya kwanza, akaona ameshaona. Na kulikuwa na gari linalokwenda Masasi, na kiti cha mbele kilikuwa wazi. Ni hayo tu.

Ndani ya mkoba wake kulikuwa na jalada la mtihani, alilolichukua Masasi alipopita. Alilitoa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wake, mwembamba na nadhifu. *Jina la mpimaji aliyetazamwa: Anastasia. Siku za kutazama kazi:* na mbele yake, bila kufutwafutwa, *tano.* Kisha sahihi.

Alimpa Mama Vitalis. Mama aliusogeza ukurasa mbali na macho, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye lile *tano* alisoma tena. Akamrudishia. Kuku mmoja alipita katikati yao, na wote wawili wakamtazama kwa bidii isiyostahili kuku.

"Mmetoa vyeti vingapi kwa mtihani huu?" mama aliuliza mwishowe.

"Sitini na tatu."

"Na yule karani mwenye fremu, anacho?"

"Anacho."

"Basi anajua macho yatatazama wapi. Umemwandikia wewe." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema korosho ina doa.

Erasto alichukua kalamu. Alikata neno *tano* kwa mstari mmoja, ili lililokatwa lisomeke, akaandika juu yake *mbili*, na tarehe ya leo, na sahihi. Kisha alitoa karatasi mpya, akaandika juu: *Taarifa kuhusu mpimaji Zuhra.* Sentensi ya kwanza ilimchukua muda. *Mpimaji huyu alifanya kama alivyopimwa. Aliyekosea ni mimi, Erasto Namkunda, niliyetunga kazi ya tatu bila kuiona.* Aliisoma. Alitamani kuandika "Baraza" mahali pa jina lake; hata mkono ulisogea. Akaiacha ilivyo.

"Hakimu hatasoma hiyo akaridhika," Mama Vitalis alisema. "Atasema unamtetea binti. Lazima lile lundo lifunguliwe, waone wenyewe."

"Ndiyo. Kesho."

"Nani atalifungua?"

"Wachukuzi wako Chilangala. Nilifikiri..." Alisita. "Nilifikiri kukuomba, mama. Najua kesho ni Jumapili."

"Misa nitaikosa. Mungu naye anajua maghala." Aliinuka, akajipangusa. "Lakini mimi mgongo sina. Nitaonyesha tu. Vua shati."

"Sasa?"

"Kesho utabomoa lundo mbele ya polisi, hujawahi kushika gunia. Vua."

Chini ya upenu kulikuwa na magunia yake sita ya msimu, yamepandana matatu matatu. Erasto alivua shati akalitundika kwenye msumari. Alishusha gunia la kwanza, likamvuta likamwangusha magoti. Mama Vitalis hakumsaidia. "Kwa mgongo siyo. Kwa paja. Haya, la pili." Alishusha la pili. Alifungua mdomo wa gunia la tatu, akaingiza mkono mpaka begani, akaambiwa akae hivyo, asitoe, asikilize. Korosho zilikuwa baridi na kavu, zikimchoma begani kama kokoto.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Hivyo ndivyo gunia jema linavyosema. Kesho ukisikia jingine utalijua. Andika."

Aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya gunia, jasho likidondokea wino. Ya kwanza, mwambie mwenye ghala atoke. Ya pili, lundo libomolewe. Ya tatu, mkono kabla ya bambo. Ya nne, nusa. Alipoanza ya tano mama aliitazama anga, akatikisa kichwa.

"Basi. Ya tano ni kukata, na korosho haikatwi jua likiondoka. Doa huwezi kuliona, utajidanganya. Iache hapo."

Erasto aliiacha hapo. Namba tano ilibaki peke yake pembeni mwa karatasi, haina kitu mbele yake. Vidole vyake vilikuwa na vumbi, na kwenye kiganja ngozi ilikuwa imeshachubuka. Alitazama huku na huku kutafuta maji ya kunawa, kama alivyomiminiwa alipofika.

Mama Vitalis alikuwa ameshakikunja kile kiti na kukiingiza ndani. Kutoka mlangoni alimwonyesha kwa kidevu ndoo tupu iliyopinduliwa chini ya mkorosho, na njia iendayo kisimani.

"Ile pale, Baba Mabel," alisema. "Leo yako ya tatu."

Erasto aliichukua ndoo.